Kiputo Kati ya Mistari Miwili

Nimechoka. Naanza na hilo ili asitokee wa kusema nimemficha. Nimechoka tangu Jumatatu moja ambayo siikumbuki tarehe yake, na sina hakika kama leo si Jumatatu hiyohiyo. Katika mji wetu siku hazifuatani kwa nidhamu. Saa za ukutani, zile zenye kipande cha shaba kinachobembea chini yake, hazipendi kuning'inizwa upande. Saa ikilala kidogo tu, shaba inagusa mbao, na saa inanyamaza. Basi kila nyumba ina wakati wake. Kwa fundi cherehani ni saa tatu asubuhi, nikivuka uchochoro ni saa tisa, na iko nyumba moja karibu na kisima ambamo bado ni siku ile ya Mwinamo, na mwenyewe bado ameushika mlango kwa mikono miwili usimwangukie. Nimekuwa nikimsalimu kwa miaka saba. Ananijibu kwa kichwa, mikono haiachii.

Mwinamo mlishausikia. Ilikuwa mchana, watu wanapika, na ardhi ikainama. Haikutetemeka wala haikupasuka. Iliinama tu, taratibu, upande wa bondeni, na vyungu vikateleza mezani vikafuatana kwenda mlangoni. Hakufa mtu. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga chini bila kufikiri kwanza, na kufikiri kabla ya kila hatua ni kazi nzito kuliko kubeba mawe.

Kisha akaja Chande. Sijui alitoka wapi, wala sidhani alijua. Alikuwa na mfuko wa kabari, vile vipande vyembamba vya mti vya kupachika chini ya mguu wa meza, na alikuwa na pima maji ya mbao nyekundu, ndefu kiasi cha mkono wangu. Katikati yake pana kichupa, ndani ya kichupa pana maji ya kijani, ndani ya maji pana kiputo cha hewa kikubwa kama punje ya kunde. Kwenye kichupa imechorwa mistari miwili. Kiputo kikikaa kati ya mistari, pamenyooka. Kikikimbilia upande, pameinama. Mji mzima ulijipanga barabarani kukitazama. Wazee walilia. Baraza likakaa na kutoa tangazo: kuanzia leo kinachoaminika ni kiputo cha Fundi Chande, na mtu asipime kwa maji ya bakuli, kwa kuwa maji nayo yaliinama pamoja na ardhi.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha mrithi wake, na siku hizi watu wananiita Chande. Nimevaa kofia yake hata kichwa changu kimekuwa kama chake. Natembea kwa kukokota mguu wa kulia, na mguu wa kulia uliokuwa mbovu ni wake. Kuna asubuhi naamka nikimkumbuka mama yangu, kisha nagundua kwamba mama ninayemkumbuka ni wa Chande, yule aliyenisimulia. Siulalamikii mkanganyiko huo. Kuwa mtu mmoja kunachosha, na kuwa wawili nusunusu ni nafuu.

Alinifundisha kazi kwa masharti. Pima maji ina uzi mwekundu uliofungwa ncha moja, na ncha hiyo lazima iwe mkono wako wa kushoto, upande wa moyo, siku zote. Kuigeuza ni mwiko. Chande alipokuwa anakata roho aliniwekea chombo kile kifuani kwangu na kusema nikikigeuza nitakuwa nimemgeuza yeye kaburini. Sharti jingine ni milango. Nyumba zetu zina milango miwili, na fundi akiingilia wa mbele leo, kesho aingilie wa nyuma, apimie upande huo alikoingilia, asije akaizoea nyumba ya watu akajiona mwenyeji. Na kabari ikishapachikwa haitolewi. Panapopungua panaongezwa. Kutoa kabari ni kumwambia fundi wa jana kwamba alikosea, na katika mji ulioinama, nani anaweza kuvumilia kusikia hivyo?

Kwa hiyo nimepachika. Nyumba arobaini na moja kila siku: meza, vitanda, makabati, mitungi, hata saa nimezipachikia kabari ubavuni ili zikae sawa, na bado zinasimama. Kila nikifika, kiputo kinakimbia. Kila siku ardhi imehama. Jana pameinama mashariki, leo magharibi, kesho mashariki tena. Nazisukuma kabari mpaka kiputo kirudi kati, watu wanashusha pumzi, nami naondoka nikijua kwamba nikirudi nitakuta pameharibika. Samani za mji huu zimepanda. Kuna familia zinazokula zimesimama juu ya viti kwa sababu meza imepita utosi. Kuna bibi mmoja amelala karibu na mapaa, anawajua popo kwa majina.

Na swali langu limekuwa moja tu, nimekwenda nalo kila mahali hadi limenichubua: aliyeinama atajuaje kwamba ameinama? Kama kichwa changu kimelala upande pamoja na dunia, nitaona kila kitu kimesimama. Ndiyo maana nilikipenda kiputo. Kilikuwa kitu kimoja katika dunia hii ambacho sikulazimika kukifikiria.

*

Mke wangu Somoe hajalala tangu msimu wa kunde.

Kitanda chetu kimeinuliwa kwa kabari kushinda vyote, maana nilitaka mke wa fundi alale mahali palipopimwa kwa uangalifu. Anapanda kwa ngazi ya vidato vitano. Usiku namsikia akijigeuza juu huko, mimi nikiwa kwenye mkeka wangu chini, kwa sababu kitanda kimekuwa chembamba kwa mtu mwenye mgongo kama wangu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Ukweli ni kwamba naogopa vitu virefu.

Mwanzoni alilalamika, nami nikapima. Kiputo kilikaa kati. Akalalamika tena, nikapima tena mbele yake, nikamwonyesha. Mara ya tatu nikampeleka kwa mganga, akapewa mizizi ya kizunguzungu, akainywa mwezi mzima akinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Kisha nikafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka uso unaniwaka. Niliwaambia majirani. Nilisema mke wangu ana maradhi ya kichwa, wamchukulie polepole. Tangu hapo Mama Zaituni wa nyumba ya pili akimwona humkatia maneno vipandevipande na kwa sauti kubwa, "U-me-am-ka-je, So-mo-e?" na Somoe, mwanamke aliyekuwa akiwachekesha watu kisimani hadi wanamwaga ndoo, humjibu kwamba ameamka vizuri.

Asubuhi hii, kama ilikuwa asubuhi, aliniita kutoka juu.

"Fundi."

Huniita Fundi akiwa amekasirika. Akiwa na furaha huniita Mfaume, jina nililozaliwa nalo, na hakuna mwingine aliyebaki anayelijua.

"Naam, mke wangu."

"Miguu yangu iko juu kuliko kichwa."

"Nilipima jana, Somoe. Kiputo kimekaa kati."

"Damu yote imenishukia machoni. Jana kichwa kilikuwa juu, nikawa natelezea miguuni kama mzigo. Leo miguu iko juu. Kesho tutarudia."

"Ardhi ndiyo inayohama. Mimi nairudisha."

"Basi usiirudishe. Niachie hivyohivyo, nizoee upande mmoja."

"Kimekaa kati kabisa. Nilikitazama mara mbili."

"Mimi sijasomea kiputo," alisema. "Nina mwili tu."

Akashuka ngazi. Nikaona ana kifurushi: kanga mbili, sahani yake ya bluu, na mto. Aliketi kwenye kidato cha chini akakiweka mapajani.

"Wabeba chumvi wanateremka Bondeni leo. Kivuli cha ghala kikifika kisimani wanaondoka. Naenda nao kwa dada yangu."

"Kukaa siku ngapi?"

"Naenda kulala. Nikishalala nitahesabu."

Nikatazama mfuko wa kabari. Alinifuata kwa macho.

"Leo usizunguke," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Kaa na mimi hapa mpaka wapite. Tusiseme kitu. Kaa tu."

"Nyumba arobaini zinaningoja, Somoe."

"Mimi ni ya ngapi?"

"Ya mwisho. Unajua mimi humalizia nyumbani."

"Najua," alisema. "Haya, nenda."

Nikaenda. Nilijiambia nikikaza mwendo nitamaliza kabla kivuli hakijafika, nije nikipime kitanda chake mara moja ya mwisho, kikae sawa kiasi kwamba aone haya kuondoka.

*

Nyumba ya Bi. Esha ni ya kumi na mbili. Ni mwanamke wa umri mkubwa, mjane, anapika mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele na nazi, na kila mtu mjini huula asubuhi akijua kwamba angalau hilo halijabadilika. Ana jiko la chuma la miguu minne, la kuni, ambalo makaa yake hupaliwa juu ya kifuniko cha sufuria. Jana niliingilia mbele, kwa hiyo leo niliingilia nyuma.

"Shikamoo, Bi. Esha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umechoka."

"Nimechoka, Bibi."

"Naona. Hata kivuli chako kimechoka."

Nikapiga goti kando ya jiko. Uzi mwekundu mkono wa kushoto. Kiputo kikakimbia. Nikaangalia chini ya miguu ya jiko: sakafu tupu.

"Jana niliacha kabari nne hapa."

"Ardhi imezimeza," alisema Bi. Esha akikoroga unga.

Hivyo ndivyo anavyosema kila siku, na kila siku nimeamini. Jiko lake limekuwa hoja yangu kubwa barazani. Nimesimama mbele ya wazee nikaeleza kwamba pale kwa Bi. Esha ndipo ardhi ina njaa kupita kote, kwamba inameza kabari nne hata tano kwa siku, na watu wamekwenda kupaangalia, na wengine wamepanyunyizia maji ya waridi. Nikapachika kabari tatu upande wa dirisha, kiputo kikatulia kati ya mistari yake, nikatabasamu. Nikaaga. Nilipofika uchochoroni jua likanigonga utosini, nikakumbuka kofia.

Nikarudi kwa mlango uleule wa nyuma. Bi. Esha alikuwa amesimama, kitambaa mkononi. Aliinua kona ya jiko kidogo, akaisukuma kabari nje kwa kidole gumba cha mguu, akaiokota na kuitia motoni. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Alifanya bila kuangalia, kama mtu anavyofunga kanga yake mwenyewe. Halafu akachukua bakuli la maji, akaliweka juu ya jiko, akainama kulitazama.

"Bi. Esha," nikasema.

Hakushtuka. "Kofia yako iko juu ya kinu."

"Unafanya nini?"

"Napika."

"Hizo ni kabari zangu."

"Kavu hizo, mwanangu. Zinashika moto upesi. Mvua zile ndefu, sijui ningepikia nini bila wewe."

Nikaketi sakafuni.

"Tangu lini?"

"Tangu uanze. Hata za marehemu Chande nilipikia, Mungu amrehemu. Zake zilikuwa na moshi."

"Mbona hukuniambia?"

Akafikiri kidogo. Alikuwa anatafuta jibu la kweli, niliona.

"Unakuja hapa kila siku uso umekuporomoka," akasema. "Ukishapachika vijiti vyako unatabasamu. Nikasema basi, mtoto wa watu naye apate pa kutabasamu. Mimi kuni napata, mkate unatoka sawa, tugombane kwa lipi?"

Akaupua mkate uliokuwa umeiva, akaukata katikati, akanionyesha ubavu wake. Ulikuwa na unene uleule kutoka ukingo hadi ukingo. Unga wa kumimina ni majimaji. Jiko likilala upande, upande mmoja wa mkate hutoka mnene na wa pili mwembamba kama karatasi, na hakuna ujanja wa kuficha. Nimeula mkate huo miaka saba. Nimeusifu. Sijawahi hata siku moja kuutazama ubavuni.

"Maji hayaaminiki," nikasema, lakini kwa sauti ya mtu anayekariri. "Yaliinama pamoja na ardhi."

"Nani kasema?"

"Baraza."

"Baraza walisikia kwa nani?"

"Kwa Chande."

"Na Chande alikuwa ameshika nini mkononi?"

Nikaitazama pima maji mapajani mwangu.

"Basi," alisema Bi. Esha. Akaketi kwenye kibao chake, karibu nami, magoti yakamlia. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile iliinama kweli, nilikuwepo, sufuria yangu ya maharage ilikwenda mpaka kwa jirani. Na hata sasa inacheza. Kuna wiki bakuli linaniambia, Esha, leo sogeza mguu huu. Nasogeza. Lakini haichezi kila siku. Na haichezi kwa zamu, leo huku, kesho kule, kama watu wanaofuata ratiba. Kigeuze hicho chombo chako."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nitakuwa nimemgeuza kaburini."

"Atashukuru. Amelalia upande mmoja muda mrefu."

Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Nikaiweka pima maji juu ya jiwe lake la kusagia, uzi mwekundu kushoto, nikaweka ganda la nazi chini ya ncha moja mpaka kiputo kikakaa kati ya mistari. Nikavuta pumzi. Nikaiinua, nikaizungusha, uzi mwekundu ukawa kulia, nikailaza palepale.

Kiputo kikaondoka. Hakikusita. Kilikwenda mpaka mwisho wa kichupa kikakaa huko, na jiwe lilikuwa jiwe lilelile, na ganda lilikuwa ganda lilelile.

*

Nataka kueleza kilichonipata, na nataka kukieleza polepole kwa sababu hata mimi kilinijia polepole. Pima maji ilikuwa mbovu. Hilo ni jambo dogo, vyombo huharibika. Kichupa kililegea, labda siku ileile ya Mwinamo, labda kabla Chande hajazaliwa. Ubovu wake ungekuwa wa upande mmoja, watu wangeuzoea, mji mzima ungelala kidogo upande huo na maisha yangeendelea. Lakini mimi niliingilia mbele leo na nyuma kesho. Nikiwa mbele, moyo wangu uko mashariki. Nikiwa nyuma, moyo wangu uko magharibi. Uzi mwekundu unafuata moyo. Kwa hiyo leo nilinyanyua mashariki na kusema nimenyoosha, kesho nikanyanyua magharibi na kusema ardhi imehama. Ardhi haikuhama. Aliyehama ni mimi.

Miaka saba niliwahurumia watu kwa dunia isiyotulia, na mkono uliokuwa ukiitikisa ni huu.

Nilitembea kwenda nyumbani. Sikuingia nyumba ya kumi na tatu. Mtu aliniita kutoka dirishani, "Fundi, leo hutupimii?" nikampungia. Nikasikia nyuma yangu mlango ukifunguliwa, kisha mwingine. Mjini kwetu fundi akipita bila kuingia, hofu hutoka nje kumtazama.

Leo mbele. Kesho nyuma. Leo kichwa juu. Kesho miguu juu. Alinieleza kwa maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo, na mimi nikamjibu kiputo.

Nani alikuwa mgonjwa?

Nyamaza. Tembea.

Kama ningemwamini yeye, ningekuwa nani? Ningekuwa Mfaume, mume wa mtu. Hilo lingetosha. Kwa nini halikutosha?

Tembea.

Na amani, ile niliyokuwa nikiitafuta kati ya mistari miwili kila siku nyumba arobaini na moja, ilikuwa wapi? Ilikuwa kwa kikongwe mwenye bakuli, anayesogeza mguu wa jiko pale inapobidi, kisha anaendelea kukoroga unga. Hakuwa na siri. Aliangalia tu. Mimi sikuwa na nafasi ya kuangalia kwa sababu nilikuwa nikipima.

Nikapita kwa yule mtu wa kisimani. Alikuwa ameushika mlango wake. Nikasimama mbele yake, nikafungua mdomo nimwambie aachie, haudondoki, haujawahi kudondoka. Nikaona vidole vyake, vilivyokakamaa na kuota sugu kwenye ubao. Sikuweza. Mtu kama huyo humwambii jambo lile ukiwa njiani. Nilimsalimu, akatikisa kichwa. Kivuli cha ghala kilikuwa kimebakiza hatua tatu kukigusa kisima, na wabeba chumvi walikuwa wanafunga mizigo.

*

Somoe alikuwa palepale, kidato cha chini, kifurushi mapajani. Nikaanza na lililonisonga.

"Hukuwa mgonjwa," nikamwambia.

Hakuniangalia. "Najua."

"Kitanda kilikuwa kinalala upande. Kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nakilaza. Chombo ni kibovu, Somoe, nimekigeuza kwa Bi. Esha, kiputo kimekimbia. Nilikwambia huumwi na kitanda, unaumwa na kichwa. Niliwaambia watu. Nisamehe."

Nje, wabeba chumvi wa kwanza walianza kupita, tukasikia mizigo yao ikisuguana.

"Umekigeuza," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Kwa sababu Bi. Esha alikwambia."

Hilo liliniingia pahala pake. Ningeweza kujitetea. Nilikuwa na sababu nyingi, zimepangwa kama kabari. Nilisema, "Ndiyo. Wewe uliniambia kwanza, nami sikukusikia."

Akasimama, akakiweka kifurushi chini. "Panda," akasema.

"Wapi?"

"Kitandani. Lala chali. Weka hicho chombo chako hapa mlangoni, usipande nacho."

Nikapanda vidato vitano nikishika kila kimoja kwa mikono yote miwili. Nikalala. Na mara nikasikia. Sikuhitaji kusubiri. Damu ilinishukia usoni, masikio yakajaa, dari ikawa inanijia, na vidole vya miguu vikawa mbali na juu kama vya mtu mwingine. Nikashika mbao za kitanda. Machozi yalinitoka, na kwa sababu kichwa kilikuwa chini yakanitiririkia kwenye nywele. Siku ngapi? Nyusiku ngapi alilala hivi, na mimi chini yake nimelala kwenye sakafu iliyonyooka?

"Somoe, kimeinama sana."

"Ehe," alijibu kutoka chini. "Sema wapi."

"Kichwani pamezama. Na bega la kushoto."

Nikasikia akikokota kinu. Akaweka mchi juu yake, akauingiza chini ya kitanda, akaubonyeza, kitanda kikalia. Kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu niifahamu kazi hii: kabari zikitolewa. Zilianguka sakafuni moja moja, kisha tatu tatu. Kitanda kilishuka. Alihamia upande wa pili.

"Sasa?"

"Bado. Huku miguuni."

Zikaanguka nyingine. Dari ilinikimbia, hewa ikaongezeka.

"Sasa?"

"Kidogo tu tena."

Aliponiuliza mara ya tatu sikumjibu, kwa hiyo yanayofuata nayasimulia kama alivyonihadithia. Anasema nilikuwa nakoroma. Anasema wabeba chumvi walimgongea, wakamwuliza kama yuko tayari, naye akawaambia waende, wampelekee dada salamu. Anasema aliitoa kabari iliyokuwa ubavuni mwa saa yetu, akaitupa kwenye rundo, na saa ikaanza kugonga kuanzia pale ilipokuwa imeachia, kana kwamba haikuona ajabu yoyote. Kisha akatoa mto wake kwenye kifurushi, akapanda. Hakuhitaji ngazi.

Nilipofumbua macho ilikuwa mchana, sijui wa siku gani. Somoe amelala. Alilala mdomo wazi, shavu limebonyea begani kwangu, na uzito wake wote uko juu ya mkono wangu wa kushoto. Nikahisi kwamba kitanda hakijanyooka kabisa. Kulikuwa na mteremko mdogo kuja upande wangu. Nilipojisogeza akafumbua jicho moja.

"Umesahau kabari moja upande wako," nikamnong'oneza.

"Sikusahau," akasema, jicho limeshafumba. "Nimeiacha. Nikiviringika, nikukute, Mfaume."

Mlango wa mbele ukagongwa. Kisha wa nyuma. Nikawasikia, walikuwa wengi, sauti ya Mama Zaituni ikiwa juu ya zote: Fundi, nyumba hazijapimwa, Fundi, ardhi imekwenda wapi leo? Itabidi nitoke niwaambie. Nitaanza na yule mtu wa kisimani, nitakaa naye kwanza, nitaushika mlango pamoja naye hadi vidole vyake vilegee. Watanichukia, na watakuwa na haki. Wakaendelea kugonga. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi chini ya kichwa cha mke wangu, sikuuhisi tena, nikauacha hapohapo.